Jina Adimu na Herufi F ya Kisiwa cha Banton

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, katika somo la historia linganishi ya utawala wa kikoloni, aliniletea insha juu ya mshairi wa Ufilipino, Cornelio Faigao, aliyezaliwa mwaka 1908 katika kisiwa cha Banton, mkoa wa Romblon. Insha ilikuwa nzuri mpaka ukurasa wa tatu. Hapo mwandishi alisimama kwenye jina. Alikuwa amepekua zile kurasa za mtandaoni zinazohesabu majina ya ukoo ya ulimwengu mzima, akaona kwamba Faigao ni jina la watu wachache mno katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 100, akahitimisha: jina adimu, ukoo mkongwe, damu ya watawala wa kale isiyochanganyika na ya wengine.

Simlaumu. Sote tumelelewa kuamini kwamba kilicho adimu ni cha thamani, na kwamba jina likiwa la wachache basi wachache hao wamelilinda kwa vizazi na vizazi. Tena kurasa hizo hutoa hesabu, na mtu akishaonyeshwa hesabu huacha kuuliza maswali. Lakini kuhusu Ufilipino hitimisho hilo limesimama kichwa chini, na kosa lenyewe linafundisha mengi kuhusu dola, daftari na raia, hata nikaona si haki kulimalizia katika ofisi yangu.

Majina ya ukoo ya Wafilipino walio wengi hayakuanza na babu wa kale. Yalianza na waraka wa serikali. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Mkuu Narciso Clavería, aliyevitawala visiwa hivyo kwa niaba ya Hispania, alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina moja la ukoo, lirithiwe na watoto, na lisibadilishwe. Kabla ya hapo, Wafilipino wengi walikuwa na jina la ubatizo tu, au waliongeza jina la mtakatifu, au neno la ibada kama de la Cruz, yaani wa Msalaba, na de los Santos, yaani wa Watakatifu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti, na mtu aliyehama parokia aliweza kuhama na jina pia. Wenyewe hawakuona taabu. Jirani alimjua jirani yake, na aliyejulikana hakuhitaji kuandikwa.

Aliyeona taabu ni mtawala. Clavería alizunguka mikoani, akakuta madaftari ambayo hayamwezeshi kujua nani ni mtoto wa nani, nani amelipa na nani amejificha. Sababu alizozitoa ni za wazi: sheria, fedha, utulivu wa umma, na pia kuzuia ndoa za watu wa damu moja zilizokatazwa na Kanisa. Wakati huo Mfilipino wa kawaida alidaiwa kodi ya kichwa, na wanaume wa miaka 16 hadi 60 walidaiwa siku 40 za kazi ya shuruti kila mwaka. Serikali isiyoweza kutofautisha Juan na Juan haiwezi kumpeleka Juan kuchimba barabara. James C. Scott, katika kitabu chake Seeing Like a State cha mwaka 1998, aliitumia amri hii kama mfano wa jinsi dola inavyompanga raia upya ili aweze kusomeka. Wanafunzi wangu wamemsoma Scott. Tatizo ni kwamba mfano huu waliupita haraka.

Basi yakachapishwa majina. Orodha ile, Catálogo alfabético de apellidos, ilikuwa na majina takribani 60,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Waandaaji walikusanya majina ya Kihispania, wakaongeza maneno ya mimea, madini, jiografia na sanaa, wakachukua pia maneno mengi ya lugha za visiwani. Nakala zilipelekwa kwa wakuu wa mikoa. Wakuu wakagawa kurasa kwa miji kulingana na idadi ya watu. Na mjini, mbele ya paroko na viongozi wa barangay, baba wa familia au mtu mzima wa nyumba alichagua, au alichaguliwa, jina katika ukurasa uliofika.

Ukurasa uliofika. Maneno hayo mawili ndiyo kiini cha jambo lote. Orodha ilikuwa ya alfabeti, na kurasa ziligawanywa kwa mafungu. Kwa hiyo miji mizima ilijikuta na herufi moja. Mji wa Oas, mkoani Albay, unajulikana hadi leo kwa majina yanayoanza na R. Kisiwa cha Banton kilipata F. Faigao, Fetalvero, Festin, Fajutagana, Fajilagutan: ukiyasikia majina haya Manila au ng'ambo, mwenye kujua atakuuliza kama asili yako ni Banton. Kuna kichekesho kichungu hapa. Lugha nyingi za asili za visiwa hivyo hazina sauti f. Ndiyo maana wenyewe kwa wenyewe hujiita Pilipino. Watu wanaozungumza Kiasi, lugha ya Banton, wakapewa kuwa utambulisho wa milele herufi ambayo ndimi za bibi zao hazikuizoea.

Sasa turudi kwenye uadimu. Kama karatasi ina majina mamia na inapelekwa kwenye mji wenye familia mamia, kila jina huangukia familia moja au chache. Orodha yote ikagawanywa hivyo nchi nzima, matokeo yake ni maelfu ya majina ambayo kila moja lina mahali pake pamoja na watu wachache. Kwa hiyo jina kuwa adimu Ufilipino mara nyingi maana yake ni kwamba mtu mmoja, siku moja ya mwaka 1849 au 1850, aliwekewa kidole kwenye mstari fulani, na wajukuu zake hawakuwa wengi. Mwingine aliyechagua mstari wa chini yake alizaa wana tisa, na jina lake leo limeenea. Na aliyezaa mabinti watupu, jina lake huenda lilizikwa naye, kwa kuwa jina hupitia kwa baba. Hakuna utemi katika hesabu hiyo, ila uzazi, maradhi na bahati.

Je, watu wa Banton hawana ukale? Wanao, na mkubwa kuliko jina lolote. Katika pango la Ipot kisiwani humo kilipatikana kitambaa cha mazishi, kilichofumwa kwa nyuzi zilizofungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ambacho wataalamu wanakikadiria kuwa cha karne ya 13 au 14. Kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Manila. Aliyekifuma alikufa karne tatu hivi kabla Mhispania wa kwanza hajajenga ngome kisiwani, na karne tano kabla ya herufi F. Mwanafunzi wangu aliutafuta ukale kwenye jina, mahali ambapo haupo, akaupita pale ulipo.

Wapo waliobaki nje ya orodha. Familia zilizoweza kuthibitisha kwamba zimetumia jina lao kwa vizazi vinne ziliruhusiwa kulibakiza. Majina ya koo chache za watawala wa zamani zilizokuwa na msamaha wa kodi, kama Lacandola na Tupas, yalikatazwa kwa watu wengine, maana kuliiba jina lile kulikuwa sawa na kuiba msamaha. Wazao wa wafanyabiashara wa Kichina walikuwa na yao, kama Dizon na Lacson, yanayotokana na maneno ya Kihokkien ya kuhesabu wajukuu. Na kuna majina ya Kitagalog yanayosomeka kama sentensi: Magsaysay ni kusimulia, Dimayuga ni asiyetikisika, Dimaculangan ni asiyepungukiwa. Mtu hawezi kuyasoma bila kushuku kwamba baadhi ya wazee waliofika mbele ya paroko walijua vizuri wanachokifanya.

Lakini jina linalonivutia zaidi ni lile la kawaida kuliko yote. Amri ilitaja de la Cruz na de los Santos waziwazi kuwa yamezidi na yanaleta mkanganyiko, na hata ule msamaha wa vizazi vinne ulinuiwa usiyahusu. Leo dela Cruz ndilo linaloongoza nchini humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwandishi wa habari mzaliwa wa Uskoti, Robert McCulloch-Dick, aliliona likijirudia katika kumbukumbu za polisi na mahakama, akalifanya Juan dela Cruz kuwa jina la Mfilipino yeyote yule, mwananchi wa kawaida. Amri haikutekelezwa kwa ukali uleule kila mahali, na pale ilipolegea watu walibaki na Msalaba wao. Mimi huliona jina hilo kama kichaka. Anayeitwa Faigao, karani yeyote mwenye kujua herufi za miji atakisia kisiwa chake kabla hajafungua kinywa. Anayeitwa dela Cruz, mtafute.

Familia ya José Rizal ililielewa jambo hili mapema. Baba yake aliitwa Francisco Mercado. Baada ya amri familia ikaongeza Rizal, jina linalohusishwa na neno la Kihispania la shamba linalochipua tena, lakini watu waliendelea kuwaita Mercado. Mwaka 1872 mapadri watatu wazalendo walinyongwa hadharani, mmoja wao José Burgos, ambaye kaka mkubwa wa Rizal, Paciano, alikuwa karibu naye sana. Jina la Mercado likawa la hatari. Mtoto José akaandikishwa shuleni Manila kwa jina la Rizal, lile ambalo hakuna askari aliyelijua. Miaka 24 baadaye, tarehe 30 Desemba 1896, alipigwa risasi kwa jina hilohilo.

Na sasa upande wa pili, ambao wanaharakati wanaosoma hapa watapenda. Kwa sababu ya Clavería, watu wawili wa mji mmoja wenye jina moja lisilo la kawaida huenda kweli ni ndugu. Na kwa desturi ya Ufilipino, jina la kati ni jina la ukoo la mama. Hivyo kila mtu hutembea na koo zake mbili mbele ya macho ya watu, na ndoa zilizounganisha koo hizo zinasomeka kwenye orodha tu. Watafiti watatu, Cesi Cruz, Julien Labonne na Pablo Querubin, walitumia jambo hilo katika makala yao ya mwaka 2017 katika American Economic Review. Walichora mtandao wa kifamilia wa zaidi ya watu milioni 20 katika vijiji 15,000, wakaonyesha kwamba wagombea hutoka kwa wingi katika familia zilizo katikati ya mtandao huo, na kwamba kuwa katikati huleta kura.

Fikirini uzito wake. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987, ibara ya 2 kifungu cha 26, inasema dola itapiga marufuku nasaba za kisiasa kama sheria itakavyofafanua. Zaidi ya miongo mitatu ilipita Bunge halijatunga ufafanuzi huo kwa nafasi kubwa, na hilo halishangazi kwa Bunge lililojaa majina yaleyale. Walipofika mwaka 2016 walikubali katazo kwa mabaraza ya vijana peke yake. Wazazi wakajibakizia viti vyao, wakawakataza watoto. Katika mazingira hayo, orodha iliyobuniwa na mkoloni ili amkamate mkwepa kodi ndiyo iliyowawezesha raia kuwahesabu wanaorithishana madaraka.

Je, hilo linaihalalisha orodha? Sidhani. Hasara ya aliyenyang'anywa jina mwaka 1849 hailipwi na makala ya mwaka 2017. Ila nakataa pia wito wa wale wanaowataka Wafilipino wayatupe majina hayo kama mabaki ya utumwa. Vizazi sita vimezaliwa, vimeoana na kuzikwa ndani ya herufi ile. Cornelio Faigao ametia sahihi mashairi yake kwa jina lile. Ni lao sasa.

Kwa watumishi wa umma nina neno moja tu. Wengi wetu Pwani hutumia jina letu, la baba na la babu, na kisanduku cha fomu chenye maandishi "jina la ukoo" humlazimisha babu awe ukoo. Ndugu wawili wa baba tofauti hugeuka wageni kwenye kompyuta, na wasiojuana kabisa hugeuka ndugu kwa sababu babu zao waliitwa Juma. Anayebuni kisanduku anaandika historia ambayo mtu, miaka 150 baadaye, ataisoma kana kwamba ilitoka kwenye damu.

Insha ya mwanafunzi nimemrudishia. Ukurasa wa tatu nimeukata mstari, na pembeni nimemwandikia aanze upya na maswali mawili: karatasi ya F iliposhuka Banton, nani alikuwa ameishika, na waliosimama mbele yake waliitwaje jana yake?