Pumzi ya Mkulima wa Masanze

Hakuna ubishi kwamba sayansi ya tiba imepiga hatua kubwa. Ipo mashine ya kumpumulisha mgonjwa aliyeishiwa nguvu za kupumua. Ipo inayochuja damu ya mwenye figo zilizoshindwa kazi. Na tangu mwaka 1971, madaktari wa Marekani walipofanikiwa kwa mtu mzima, ipo hata inayoitoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha, ili mapafu yapumzike.

Swali letu ni moja: maarifa hayo yatamfikiaje mkulima wa Masanze, wilayani Kilosa?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya kwamba hospitali kubwa zimo mijini, ilhali mikopo ya kuzijengea hulipwa kwa jasho la mkulima. Onyo hilo halijachakaa. Mkopo wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, ambao sehemu yake ilielekezwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni, ni deni la Taifa zima. Na mkulima wa Masanze yumo.

Tusidanganyike kwamba mashine peke yake huokoa. Mwaka 1952, mjini Copenhagen, ugonjwa wa kupooza ulipozuka, wagonjwa 27 kati ya 31 wa kwanza walioshindwa kupumua walikufa. Ndipo daktari Bjørn Ibsen alipoagiza wapulizwe hewa kooni kwa mifuko ya mpira, na wanafunzi wa udaktari wakaiminya kwa mikono, kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vikapungua sana. Mikono iliyofunzwa ilitangulia mashine.

Kwa hiyo mashine isiyo na muuguzi wa zamu ya usiku, umeme wa uhakika na vipuri ni pambo tu. Na chumba cha mahututi cha Morogoro hakimfai mgonjwa aliyekata roho njiani kwa kukosa mtungi wa oksijeni.

Hatupingi mitambo mikubwa. Tunasema ngazi hupandwa kutoka chini: oksijeni na mtaalamu kijijini, gari la wagonjwa lenye mafuta, kisha hospitali ya rufaa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 isiishie kwenye makabati.

Mtumishi wa umma anayelaza jalada la mitungi mitupu ajue analaza pumzi ya mtu. Nao walimu wawafundishe wanavijiji kwamba mtoto anayehema mbio huku kifua kikibonyea hangojewi apambazukiwe.