Walilia Gari au Walilia Jina?

Mwaka 2021 Toyota walitoa Land Cruiser 300 badala ya 200. Tangu hapo twawasikia baadhi ya walionunua wakinung'unika kuwa V8 imeondolewa na heshima ya gari imekwisha. Hebu tuipime hoja yao.

Injini ya dizeli ya zamani ilikuwa ya silinda nane, lita 4.5. Ya sasa ni ya silinda sita, lita 3.3, na nguvu zake zimezidi. Gia zilikuwa sita, sasa ni kumi. Uzito umepungua kiasi cha kilo 200. Viti vya nyuma kabisa, vilivyokunjwa ubavuni vikila nafasi ya mizigo, sasa vyalala sakafuni.

Basi kilichopotea ni nini, ila jina na mngurumo wa kusikiwa na jirani? Anayelilia hayo hakununua chombo cha safari. Amenunua macho ya watu. Hiyo ndiyo ria.

Nawe ukitaka kununua, usimuulize mwenye gari kama alipenda. Muulize lala mafuta kiasi gani, vipuri vyapatikana wapi kwa bei gani, na kama amekwisha kulipa deni lake. Akinyamaza, umekwisha jibiwa.