Kilebu wa mbwa mkubwa hahitaji mnyororo kwanza

Juma moja kabla ya shule kufungwa, nilikuwa nimesimama kituoni Mukuyuni nikingoja gari la kwenda Wote, ilipofika matatu kutoka Machakos na utingo akateremsha katoni iliyotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwamo kilebu. (Nalitumia neno hili kwa makusudi. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu, nao huliandika katika mtihani wakapata alama, kisha hakuna hata mmoja wetu anayelitamka tena nje ya darasa.) Alikuwa wa ile aina ya Kijerumani ambayo polisi huitumia, masikio yake hayajasimama bado na nyayo zake zimekuwa nene kupita kimo chake. Aliyekuja kumpokea alikuwa mwalimu mwenzangu.

"Hongera, Mwalimu," nilimwambia. "Umemwandalia nini mgeni wako?"

"Kila kitu tayari, Mwalimu," akajibu kwa fahari, akanionyesha mnyororo mzito aliokuwa ameununua katika duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na kufuli. "Huyu atakuwa simba."

Nikamwuliza habari za kadi ya chanjo. Akasema kwamba aliyemwuzia alimhakikishia kuwa kilebu amekwisha kudungwa sindano zote. Kadi haikuwapo. Nikamwuliza kilebu ana umri gani. Akakisia mwezi mmoja na nusu. Basi gari langu likafika, nikapanda, lakini mnyororo ule ulinifuata moyoni hadi Wote.

Sitaki nieleweke vibaya. Sina kinyongo na wanaofuga mbwa wakubwa, wala siwaoni kuwa watu wa majivuno. Katika sehemu hizi za Kaiti, na Makueni kwa jumla, maembe na machungwa ndiyo karo ya watoto wetu. Mkulima aliyelinda miti yake mwaka mzima, akaamka asubuhi moja akakuta matawi yamevunjwa na magunia yamebebwa usiku, ana haki ya kutafuta mlinzi. Mwenye duka sokoni naye ni vivyo hivyo. Mbwa wetu wa kienyeji hubweka vizuri sana, ila mwizi wa siku hizi amemzoea. Humrushia kipande cha nyama wakawa marafiki. Ndiyo maana watu wanateremka Nairobi kuwatafuta Wajerumani hawa, na wengine wenye vichwa vipana zaidi.

Kosa letu ni kumlea mbwa mgeni kwa desturi za mbwa wa kienyeji. Yule wa kienyeji hula makombo, hujitafutia mengine jalalani, huzurura atakako, na akimpandia mtu kwa hasira, teke moja humtosha. Mbwa dume wa Kijerumani akikomaa hufikia kilo 30 hadi 40, nao ni uzito wa mwanafunzi wa darasa la sita au la saba. Mbwa wa namna hiyo akikatika mnyororo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njia atakayoifuata ni ile ile wanayopita watoto wakienda shuleni.

Ndiposa nasema kwamba orodha ya vitu vya kumnunulia kilebu wa aina kubwa yafaa ianze mbali na duka la vifaa vya ujenzi. Cha kwanza ni ukanda mwepesi wa shingo, wa kitambaa au wa ngozi laini, unaoacha nafasi ya kupitisha vidole viwili. Na cha pili ni kamba ya urefu wa hatua mbili hivi. Basi. Ukanda huo hauna budi kukaguliwa kila juma, maana kilebu huyu hukua kama mhindi ulionyeshewa vizuri. Nimepata kuona kwa macho yangu mbwa ambaye ukanda wake ulikuwa umezama katika nyama ya shingo, kwa kuwa mwenyewe alimfunga akiwa mdogo akasahau. Kamba nayo ni ya kumzoeza kutembea kando ya mtu kila siku kwa dakika chache, uani mwa nyumba, akishikwa na baba, na mama, na hata mtoto aliye mkubwa kiasi, mzazi akiwa karibu.

Msomaji atauliza: kamba na ukanda vina uzito gani hata viandikiwe makala gazetini? Nitajibu kwa habari ya kichaa cha mbwa.

Mnamo mwaka 2014 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na Makueni na Kitui zikawa miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanzia, pamoja na Machakos, Siaya na Kisumu. Nguzo ya mkakati huo ni kuwachanja mbwa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa huu hukosa njia ya kupita, kwani karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Nao ni ugonjwa usio na mzaha: mgonjwa akishaanza kuogopa maji na kuweweseka, tiba haipo, na kifo ni karibu yakini. Shirika hilo hilo lasema kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Sasa tazama jinsi chanjo inavyotolewa huku kwetu. Maafisa wa mifugo hutangaza siku, wakaja sokoni au katika uwanja wa shule, nao wenye mbwa huwaleta. Ni nani hasa wanaowaleta? Ni watoto. Mvulana wa darasa la tano humvuta mbwa wa nyumbani kwao kwa kamba ya katani, wakafika wote wawili wametapakaa vumbi. Lakini yule simba wa kilo 40, ambaye tangu utotoni hajashikwa na mkono wa mtu wala kuongozwa kwa kamba, ambaye hata mwenyewe humsogezea chakula kwa fimbo, atafikishwaje uwanjani? Haletwi. Hubaki amefungwa nyumbani, na daftari la siku ile hufungwa bila jina lake. Kwa hiyo mbwa mwenye meno makubwa kuliko wote kijijini ndiye anayekosa sindano, na sababu yake ni kitu cha shilingi chache kilichokosekana alipokuwa na umri wa miezi miwili.

Tena jambo hili la umri lina uzito wake. Watafiti waliowachunguza mbwa wa iliyokuwa Wilaya ya Machakos, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001, walikuta kwamba nusu ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja, na kwamba kati ya waliotimiza miezi mitatu, asilimia 29 tu ndio waliokuwa wamechanjwa. Maana yake ni kwamba vijiji vyetu ni vijiji vya mbwa wachanga. Mtu anayesema "nitamchanja akishakuwa mkubwa" anazungumza habari za mbwa ambaye huenda asifike huko.

Kwa hiyo kadi ya chanjo ni ya kudaiwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kilebu asiachishwe mama yake kabla ya majuma manane. Wakati huo awe amekwisha kupewa dawa ya minyoo, naye aendelee kuipata kila baada ya majuma mawili mpaka atimize miezi mitatu. Sindano za maradhi ya vilebu, hasa ule ugonjwa wa parvo unaowaharisha damu na kuwamaliza kwa siku chache, huanza majuma ya sita hadi ya manane na kurudiwa mpaka juma la kumi na sita. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kilebu wa mwezi mmoja na nusu amepata "zote" hakuambii kweli. Ya kichaa hudungwa akifikisha miezi mitatu, na kurudiwa baada ya mwaka. Kampeni ikipita kijijini kabla ya miezi hiyo kutimia, usimfiche. Maafisa huwachanja hata wadogo, na atarudiwa baadaye. Nawaonya pia wale wanaonunua kichupa cha chanjo dukani wakakitia mfukoni na kutembea nacho juani hadi nyumbani. Chanjo huharibika kwa joto, na wanachomdunga mbwa wao huenda kisimkinge na lolote.

Juu ya chakula nitasema machache. Ugali mtupu haumjengi mbwa wa aina hii. Uchanganywe na omena, mayai, maharagwe yaliyoiva sana, au mabaki ya nyama yaliyopikwa, na mwenye uwezo anunue chakula cha vilebu vya aina kubwa. Mifupa iliyopikwa hukatika vipande vikali vikamchoma tumboni. Lakini kosa kubwa zaidi hufanywa na wenye mapenzi mengi: humwongezea kilebu unga wa mifupa, ule wa ng'ombe, ili awe na mifupa minene. Kilebu wa aina kubwa hana uwezo wa kuikataa chokaa iliyozidi. Humwingia yote, na viungo vyake hupinda angali mdogo. Vivyo hivyo ulishaji wa kumnenepesha upesi. Mwacheni akue polepole, ana mwaka mmoja na nusu wa kufanya hivyo.

Maji ni hesabu ambayo wengi hawaipigi. Mbwa wa kilo 40 huhitaji takriban lita mbili kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Katika mtungi wa lita 20 uliotoka mtoni kwa mgongo wa punda au wa mtoto, hiyo ni sehemu ya kumi. Nyumba ambayo mwezi wa Septemba huhesabu maji kwa vikombe yafaa ijiulize swali hilo kabla ya kutuma nauli Nairobi. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabu kuwa mkosaji mtu anayemnyima mnyama wake chakula au maji, wala haimsamehe kwa kuwa ni kiangazi.

Najua yupo atakayesema kwamba mbwa aliyezoeshwa watu hawezi kulinda, kwamba lazima afungiwe gizani asione mtu, na wapo hata wanaomlisha pilipili ili awe mkali. Nimeyasikia haya tangu utoto wangu, tena kwa watu ninaowaheshimu. Ila mbwa aliyelelewa gizani hapambanui kati ya mwizi na mpiga hodi. Humwogopa kila mtu, naye huuma kwa woga. Kipindi ambacho kilebu hujifunza kwamba binadamu si adui ni kifupi, tangu juma la tatu hadi kama la kumi na nne hivi. Kikipita, ni kazi ngumu kukirudisha. Samaki mkunje angali mbichi, tumezoea kuwaambia wazazi katika mikutano ya shule. Tena kumzoeza si lazima kumpeleke sokoni kabla ya sindano kukamilika. Waite majirani nyumbani, waje na watoto wao waliovaa sare za shule, aisikie sauti ya baiskeli na ya debe. Ukakamavu wa kulinda boma lake atakuja nao mwenyewe akishakomaa, kwani amezaliwa nao.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Katika gwaride la asubuhi, mara moja tu kwa muhula, waulizeni wanafunzi ni wangapi nyumbani kwao wana kilebu, na ni wangapi wameiona kadi yake. Waambieni kwamba aliyeumwa na mbwa, hata akiwa mbwa wa nyumbani, hata jeraha likiwa mchubuko, ni lazima aseme siku hiyo hiyo. Watoto wetu hunyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kibuyu chirizi kilichopo nje ya choo cha shule chatosha kwa kazi hiyo, kisha mtoto apelekwe hospitalini kuanza sindano bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Sindano hizo ni kadhaa, za majuma kadhaa, na mzazi aliyepata kuzitafuta katika vituo vitatu asizipate hahitaji kuelezwa tofauti ya gharama kati yake na sindano moja ya mbwa.

Mwalimu mwenzangu nilimtembelea Jumapili iliyofuata. Kilebu alikuwa ameharisha siku mbili, akapelekwa kwa daktari wa mifugo, akapona. Sasa ana kadi, nayo imebandikwa ukutani karibu na ratiba ya masomo. Bintiye wa darasa la nne ameshona ukanda kutokana na mshipi wa sare uliochakaa. Mnyororo ungalipo, na baba mtu bado hajakubali kuurudisha dukani.