Mbiu Imelia kwa Wenzetu. Sisi Je?



Jioni ukikaa Mama Ngina, Kizingo, na mihogo yako ya pilipili, ukitazama meli zikiingia Kilindini, kila kitu chaonekana shwari. Lakini tembea kidogo mpaka Fort Jesus. Ngome ile imesimama tangu miaka ya 1590, na majuzi tu imebidi ijengewe ukuta upande wa baharini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaula mwamba inaoukalia. Mji wa Kale nao uko juu ya mwamba huohuo wa matumbawe, pamoja na nyumba za mababu zetu na misikiti yetu.

Sasa tuulizane. Khutba za mazingira tumezisikia. Tumepanda mikoko, tumeokota plastiki ufuoni, picha tukaziweka mtandaoni. Allah atulipe kheri kwa yote hayo. Lakini ni lini mara ya mwisho tuliingia ofisi ya serikali na madai yetu mkononi, tukasema: dini yetu yatuamrisha kuilinda ardhi hii, na nyinyi mna wajibu wa kisheria, basi tuonyesheni mnafanya nini?

Wako watu wa dini nyingine wanaofanya hivyo. Leo twataka uwatazame Wayahudi wa Marekani.

Twajua kuna walioshanuna. "Na Gaza je?" Ndugu yetu, msimamo wetu juu ya Palestina uko palepale. Lakini dini ya Kiyahudi si serikali ya Israel. Wako marabi wa shirika la Rabbis for Human Rights, lililoanzishwa 1988, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiandamana na wakulima wa Kipalestina kwenye mavuno ya zeituni ili wasishambuliwe na walowezi. Taurati yao inakataza kukata miti ya matunda hata mji unapozingirwa vitani. Umewahi kusikia agizo kama hilo? Sayyidna Abubakar (r.a.) alimuagiza kamanda wake vivyo hivyo jeshi lilipokuwa likielekea Sham.

Kutokana na katazo hilo, wanazuoni wao walijenga kanuni pana ya kutoharibu kitu bure. Mwaka 2015, kabla ya mkutano wa Paris, marabi zaidi ya 400 walitia saini barua moja kuhusu tabianchi. Agosti mwaka huohuo, Waislamu nao walikutana Istanbul wakatoa Azimio la Kiislamu kuhusu tabianchi. Kwa hivyo kwa maandishi hatukuachwa nyuma. Lakini wangapi kati yetu hapa Mombasa wamewahi hata kulisikia azimio hilo?

Wenzetu walipata watu wa kuibeba karatasi yao. Mwaka 2020, rabi mwanamke aitwaye Jennie Rosenn alianzisha vuguvugu la Dayenu. Waumini hujikusanya vikundi vikundi kwenye masinagogi na mitaa yao, wakaisoma miswada, wakawaandikia wabunge, kisha wakawafuata. Mwaka 2021, Bunge la Marekani likijadili hatua za tabianchi, walisimama nje ya ofisi za wabunge wakapuliza shofa, pembe ya kondoo dume wanayoitumia katika ibada. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kutafsiriwa hilo: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Agosti 2022 sheria ikapita. Hatusemi ni wao peke yao walioipitisha. Na mwaka 2025 utawala mwingine ukaanza kuifumua, kwa hivyo kazi bado iko. Ndivyo haki zilivyo, ukilala zarudi nyuma.

Na usiseme sisi hatuwezi. Lamu waliweza. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wanalamu, wengi wao Waislamu kama wewe, wakaipeleka kesi kwenye mahakama maalum ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakushinda kwa kulalamika vibarazani. Walisoma ripoti ya mradi, wakahudhuria vikao, wakatoa ushahidi.

Kwako wewe, silaha zipo. Kifungu cha 42 cha Katiba chakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 chakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Wengi wetu siku hiyo hatuko, halafu mvua ikinyesha na barabara zikijaa maji twaanza kulaumu.

Basi tufanye hivi. Kila msikiti utoe vijana watatu, wa kike na wa kiume. Waandike barua ya ukurasa mmoja kwa MCA wao: mwaka jana mitaro ya maji ya mvua ilitengewa pesa ngapi, na zimetumika wapi? Mikoko ya Tudor nani anailinda? Ufuo wetu una mpango gani? Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya mwezi, warudi waulize jibu.

Ardhi ni amana, na tutaulizwa. Ijumaa hii baada ya swala, usikimbilie kutoka. Mshike mwenzako mkono, mkae barazani pa msikiti, mkubaliane nani ataandika hiyo barua.

Wabillahi tawfiq.