Kutoka Salamabila hadi Kasongo: Je, bunduki nyumbani ni kinga?

Mnunuzi wa dhahabu anayelala Salamabila na mali yake ndani ya nyumba ana swali moja kila usiku: wakija, nitajitetea na nini? Swali hilo ni la haki. Katika wilaya za Kabambare na Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, askari mara nyingi wako mbali, barabara ni mbovu na wenye silaha wanajua njia zote za msituni.

Wengi hujibu kwamba dawa ya bunduki ni bunduki kubwa zaidi. Marekani hoja hiyo imezaa soko zima la bastola nzito. Rivolva ya .44 Magnum, iliyotoka miaka ya 1950, hutumiwa hata na wawindaji wa wanyama wakubwa, na wapo wanaoiweka kando ya kitanda.

Tuipime hoja hiyo kwa hali ya kwetu. Rivolva kama hiyo kwa kawaida hubeba risasi sita. Inaruka mkononi kwa nguvu, hivyo asiyeizoea huchelewa kulenga mara ya pili. Wavamizi wa Kabambare hawaji mmoja mmoja, na magazini ya kawaida ya AK hubeba risasi 30. Tena nyumba nyingi za huku ni za miti na udongo: risasi nzito ikimkosa mwizi, inapita ukutani na kumkuta mtoto wa jirani.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Namoya, kwenye mgodi uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada. Mahali hapo palikuwa na walinzi, na askari hawakuwa mbali. Hata hivyo, Machi 2017 wafanyakazi watano walitekwa nyara. Julai 2019 wakatekwa wengine wanne, na Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi. Ikiwa mgodi wa kimataifa haukuokolewa na silaha zake, bastola ya mtu mmoja itafanya nini?

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wanalijua vizuri. Mai-Mai Malaika nao walijitambulisha kama watetezi wa wananchi na wachimbaji wadogo dhidi ya kampuni. Leo mwananchi huyohuyo anawaogopa. Bunduki inayonunuliwa kwa ajili ya kujihami ina tabia ya kutafuta kazi nyingine: leo inalinda nyumba, kesho inatoza kodi kwenye kizuizi cha barabarani.

Kasongo ina kumbukumbu ndefu ya jambo hili. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa ngome ya Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake wa pembe na watumwa, na nguvu yao ilikuwa bunduki. Mwaka 1893 bunduki nyingi zaidi, zikiongozwa na Dhanis wa Ubelgiji, ziliuteka. Mwenye silaha alibadilika. Mkulima alibaki kubeba mizigo.

Sheria nayo iko wazi. Amri ya Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inamtaka raia awe na kibali. Anayenunua kwa siri anaongeza hatari mbili: kukamatwa, na kuwavuta wezi wanaoitaka silaha yenyewe.

Lakini kumwambia raia asijihami bila kumpa ulinzi ni kumdhihaki. Mpango wa kupokonya silaha, P-DDRCS, uliundwa Julai 2021. Mwananchi wa Kabambare ataupima kwa mambo matatu: je, wapiganaji wanaotoka msituni wanapata kazi? Je, askari analipwa kwa wakati, asimgeukie raia? Je, kijiji kikipiga simu usiku, kuna atakayefika?

Majibu hayo yakikosekana, soko la siri la silaha litaendelea kupata wateja, na hakuna hotuba kutoka Kindu wala Kinshasa itakayolifunga.