Tongoni ni ya nani?

Anayefika Tongoni kwa mara ya kwanza asitegemee kuona mji. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Hapo ndipo ilipokuwa Kasongo ya kwanza, ile ya kabla ya Wabeleji, na wengi wetu tukiulizwa habari zake hujibu kwa haraka kwamba ulikuwa mji wa Waarabu. Jibu hilo linaficha mambo mengi, na ubaya wake tunao hadi leo.

Ni kweli walioukuza walitoka mbali. Wafanyabiashara wa pwani walifika Maniema wakitafuta pembe za ndovu, na katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, akafanya Kasongo makao yake. Mwanawe Sefu alitawala hapo baadaye. Lakini watu wa pwani walikuwa wachache. Waliofyeka msitu, waliolima mpunga, waliosimamisha nyumba na kubeba pembe walikuwa watu wa humu humu: wengine mateka wa vita, wengine waliojiunga kwa kupenda au kwa kukosa njia nyingine. Watoto wao wakavaa kanzu, wakajifunza kuswali, wakasema lugha ya pwani kwa namna yao. Hao ndio Waungwana, na Kingwana chao ndicho kilicholea Kiswahili tunachosema leo katika masoko ya Kindu na Kisangani.

Kasongo ilipoanguka, tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Dhanis walishangaa. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Anaeleza maghala ya mpunga, bustani za machungwa na mapera, vitanda vyenye magodoro ya hariri. Wao walikuwa wamezoea kulala porini!

Hariri ile ililipwa kwa pembe, na kwa watu pia. Huko Nyangwe, kwenye mto Lualaba, Livingstone aliona kwa macho yake mwezi Julai 1871 wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Kasongo ilisimama juu ya biashara hiyo hiyo, na anayetaka kuisifu asiruke ukurasa huo.

Wabeleji waliukamata ukurasa huo na kuufanya kitabu kizima. Kule Blankenberge, kando ya bahari ya Ubelgiji, tangu mwaka 1900 kuna sanamu ya Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892. Waliokuja kukomesha utumwa, ndivyo tulivyofundishwa. Kuhusu mpira na kazi za kulazimishwa zilizofuata, somo lilikuwa fupi. Mji ukahamishwa, Waislamu wakatazamwa kwa wasiwasi, na kwa kuwa shule zenye msaada wa serikali zilikuwa mikononi mwa misheni, mzazi Muislamu alilazimika kupima masomo ya mtoto dhidi ya dini yake. Familia hizo zikaitwa Waarabize, kana kwamba zilishuka kutoka Maskati.

Mpaka sasa, wakati wa uchaguzi au ugomvi wa shamba, mtu ambaye bibi yake ni Mzimba, Mkusu au Mbangubangu anaweza kuambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Katika nchi yetu ya mashariki tunajua neno "mgeni" linaweza kufikia wapi.

Watafiti wa akiolojia, Wakongomani wakiwemo, wamechimba Tongoni miaka ya karibuni na kuwasikiliza wazee. Kazi hiyo isiishie katika majarida ya Ulaya. Karibu na Tanga, Tanzania, kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi, na serikali ya huko inayalinda kama urithi wa taifa. Jimbo la Maniema linaweza kuanza na kidogo: kupima eneo na kuweka mipaka kabla halijagawanywa kuwa viwanja, na kuwarekodi wazee kwa Kingwana, Waislamu na Wakristo, wa Kasongo na wa Kabambare, wajukuu wa waliofunga minyororo na wa waliofungwa. Mara nyingi ni watu wale wale.

Na siku kibao kitakapowekwa pale, kiandikwe kwa Kiswahili, na kiwataje Wazimba, Wakusu na Wabangubangu kabla ya kumtaja Tippu Tip.