Tuhesabu samaki ya Ziwa Edouard mbele ya kugombana

Ku soko la Vuhovi, mama muuzaji wa samaki anaona mambo ya ziwa mbele ya wakubwa wote. Anaona kitunga kinakuwa chepesi, tilapia inakuwa fupi, lakini bei haishuki. Samaki hiyo inatoka Kyavinyonge, inapanda milima juu ya pikipiki, ingine inaendelea mupaka Butembo. Kwa hiyo habari za Ziwa Edouard si za wavuvi peke yao. Ni habari za kila nyumba inayopika huku kwetu.

Wote tunakubali kama samaki zinapunguka. Lakini juu ya nini? Hapo njo makelele inaanza. Walinzi wa parki wanasema ni pirogi za bila ruhusa na nyavu za macho madogo. Wavuvi wanajibu kama ni viboko: katika miaka ya 1970 vilipita 20 000, mavi yao ikalisha ziwa, karibu mwaka wa 2005 havikufika hata 1 000. Wengine wanasema ni jirani wa Uganda. Kila mutu iko na mwenye kosa wake, na hakuna mwenye hesabu ambayo wote wanaiamini.

Na kuhesabu samaki inawezekana, bila kukausha ziwa. Njia hiyo ni ya zamani: Mdenmark mmoja, Petersen, alitia samaki alama tangu miaka ya 1890. Tufanye mufano. Unakamata tilapia 200, unazitia alama, unazirudisha katika maji zichanganyikane na zingine. Kisha unaloba tena, unapata 300, na ndani yao 10 ziko na alama. Kumi katika mia tatu ni moja katika makumi tatu. Basi zile 200 zako nazo ni moja katika makumi tatu ya zote: ziwani kuko karibu 6 000. Hata mutoto wa shule ya musingi anaweza kuifanya ku ubao.

Alama yenyewe iko ya namna nyingi. Kuna kukata kipande kidogo cha pezi. Ni bei ya makasi tu, lakini haisemi samaki ni ipi. Kuna kauzi ka plastiki kenye namba, kanachomekwa karibu na pezi la mugongo. Kuna kidude kama punje ya muchele, kinaingizwa ndani ya mwili na kinasomwa na mashine. Kuna pia vyombo vinavyotoa sauti chini ya maji, na vingine vinavyosikiliza samaki inapita wapi. Hivyo ni vya bei kali. Kwetu, namba ya plastiki inatosha kuanza. Inaonyesha samaki ilitembea mupaka wapi, na ilikomea kiasi gani tangu siku ya kuachiliwa. Ku Ziwa Victoria, watafiti walitia tilapia alama za namna hiyo. Haikuwa uchawi.

Lakini kazi hii inaweza kuharibika. Alama ikianguka, ao samaki ikifa juu ya kushikwa vibaya, hesabu inadanganya: unafikiri samaki ni nyingi kumbe hapana. Na sababu kubwa kupita zote: muvuvi akipata namba na kuitupa, hesabu inadanganya vilevile. Kwa nini aitupe? Kwa sababu anaogopa. Namba inauliza: uliikamata wapi, siku gani, na wavu gani? Kama jibu linaweza kumuletea amande ao kuchomewa pirogi, atanyamaza. Na sisi hatutamulaumu.

Ndiyo maana tunaomba mambo matatu. Kwanza, ICCN na komite za wavuvi wa Kyavinyonge, Vitshumbi na Nyakakoma wakubaliane kwa maandishi kama namba iliyorudishwa haitamufunga mutu. Anayeirudisha apewe kitu kidogo, hata sabuni. Pili, wanafunzi wa Université Catholique du Graben, pale Butembo, wafanye kazi hii pamoja na wavuvi, ndani ya pirogi zao. Tatu, majibu yasomwe mbele ya watu, ku mwalo na ku soko, kwa Kiswahili na Kinande. Mbelgiji Hubert Damas alichunguza ziwa hili mwaka wa 1935 na 1936, na kitabu juu ya samaki zake kikatoka mwaka wa 1939. Ni wangapi Kyavinyonge waliisha kukiona?

Kunabakia mupaka. Ziwa lina karibu kilometa za mraba 2 300, na zaidi ya nusu iko Kongo. Samaki haina jeton ya kuvuka: itatiwa namba Kyavinyonge, italobwa Katwe. Mwaka wa 2018 askari wa inchi mbili walipigana juu ya maji yale, watu wakakufa. Mwaka uleule serkali zote mbili zilitia sahihi mapatano juu ya uvuvi. Kurudishiana namba ni njia rahisi ya kuonyesha kama karatasi ile iko na maana.

Tunajua watakaotuambia: watu wanauawa ku mashamba, na ninyi munaongea juu ya kutia samaki namba? Ndiyo, tunaongea. Mutu aliyekimbia shamba lake anategemea nini, kama si samaki ya soko? Na kijana asiyepata kitu ziwani, ni nani anamungojea porini? Amri inayotolewa bila hesabu inaonekana kama uonevu, hata ikiwa ya kweli. Wakija na hesabu ambayo muvuvi mwenyewe alisaidia kuitafuta, hata kufunga ziwa kwa miezi michache kutaweza kuzungumuzwa. Bila hiyo, tutaendelea kugombana juu ya ziwa mupaka siku litabakia na maji tu.